Bolti za Mjomba Mgongoni Mwangu

Tulimzika Mjomba Abeid wiki iliyopita, na nusu ya mji wa Tanga ilikuja kumsifu. Kina mama walikuja na vikuku alivyowafulia walipokuwa wari, wakavizungusha mikononi mbele ya wafiwa ili vionekane. Mabwana wa makamo walinyoosha vidole vyenye pete. Mama mmoja kutoka Pangani alisema kipini cha pua alichotengenezewa na marehemu hajapata kukivua tangu siku ya harusi yake. Mimi nilikaa jamvini, nimeegemea ukuta. Kazi yake iliyo bora kuliko zote ninayo mimi, nayo siwezi kuivua nikamwonyesha mtu. Imo mgongoni mwangu tangu miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana mkwezi wa minazi, na hadi leo asubuhi za kipupwe hunikumbusha kwamba ipo. Watu walipomaliza kusifu fedha na dhahabu, nikaona nami niandike sifa za chuma.

Nilianguka kwa sababu ya adabu. Mkwezi wa mjini si kama wa shambani, ana sheria zake. Mnazi wa mjini umezungukwa na nyua za watu, na aliye juu yake anaona yote: anayefua, anayesukwa nywele, anayeoga. Kwa hiyo kabla mguu haujagusa kidato cha kwanza unapaza sauti, "Mkwezi," kisha unangoja. Wanawake hujisitiri, mmoja akajibu, "Panda, baba," ndipo unapanda. Siku ile pale Pangani niliita nikajibiwa kutoka ua wa kulia. Ua wa kushoto ulikuwa kimya, nikadhani hamna mtu. Nilipofika kileleni nikatupa jicho upande ule, na mama mmoja mtu mzima alikuwa akijimwagia maji kwa kata, hana habari na dunia. Nikafumba macho na kugeuza uso kama nilivyofundishwa, mkono ukatafuta pa kushika, ukapata kuti kavu. Wakwezi wenzangu walinitania mwaka mzima kwamba Salimu angefumbua jicho moja tu angekuwa mzima. Ninachokumbuka ni mlio wa kuti likinyofoka, kisha mchanga mdomoni, kisha miguu yangu iliyokuwa pale pale mbele yangu lakini haikuwa yangu tena.

Nilipelekwa Tanga nimelazwa juu ya mlango, mlango umelazwa ndani ya lori. Hospitali ilikuwa kwenye mwinuko juu ya bahari, na wodi ya wanaume ilikuwa chumba kirefu chenye kuta za chokaa na madirisha makubwa upande wa bandarini. Kulinuka dawa ya karboliki ya kusafishia sakafu, jasho na uji wa asubuhi. Niliwekwa chali, mifuko ya mchanga kushoto na kulia nisigeuke, na dunia yangu ikawa dari. Leo nikiingia nyumba ya mtu yeyote hutazama dari kwanza, na watu hudhani natafuta popo. Nilijua ubao upi ulikuwa na fundo na upi ulivuja mvua. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Elia, Mshambaa, mfanyakazi wa shamba la mkonge, ambaye troli la reli lilimvunja paja. Yeye alikuwa ametobolewa chini ya goti kwa pini ya chuma iliyoingia upande huu na kutokea ule, na kwenye pini ile imefungwa kamba yenye mawe ya uzito kuuvuta mguu unyooke. Elia aliimba nyimbo za kanisani kila alfajiri, mimi nikisali kwa ishara ya macho, na hatukukwazana hata siku moja. Ndugu zake walipoteremka kutoka Lushoto walileta peasi, na mama yangu alipokuja mchana na bakuli la wali na samaki, alipakua kwa ajili ya Elia kabla yangu, kwa kuwa mgeni huanza. Mimi mgonjwa wake nilipata kilichobaki.

Daktari wetu alikuwa Mzungu mrefu mwenye mabega yaliyoinama, na Kiswahili chake alikipata vitabuni, kimenyooka kuliko chetu. Alituamkia wote, na wazee aliwapa shikamoo. Siku moja alifika wakati mama akinilisha nguru wa kupaka, na mfupa wa mgongo wa samaki umebaki bakulini. Akamwomba mama. Mama akadhani ana njaa, akaanza kumtafutia mnofu. "La, mama, naomba mfupa wenyewe," akasema, akaufuta kwa kitambaa, akauinua nilipoweza kuuona. Akanionyesha pingili moja baada ya nyingine, na mwiba uliosimama juu ya kila pingili. "Nawe umeumbwa hivi," akaniambia. "Pingili yako moja imepondeka, na ya juu yake inateleza. Ndani yake hupita mshipa mkuu wa fahamu. Haujakatika. Umebanwa." Akatoa njiti mbili za kiberiti, akaziweka huku na huku ya ile miiba, akazifunga kwa uzi wa kushonea wa mama. Kisha akajaribu kuukunja mgongo wa yule samaki, haukukunjika. "Njiti hizi zitakuwa mabamba ya chuma, na uzi utakuwa bolti zinazopita katika miiba. Lakini chuma hakiponyi, Salimu. Chuma hushikilia tu. Nitachukua vipande vya mfupa nyongani mwako nivipange kando yake, na mfupa ndio utakaoota na kuziunga pingili ziwe kitu kimoja."

Mama alisikiliza yote, halafu akauliza la kwake. "Huo mfupa wa nyongani utakaobaki, daktari, naupata wapi nikauzike?" Kwetu kinachotoka mwilini mwa mtu hakitupwi. Daktari akamjibu, "Sitabakisha, mama. Wote utarudi ndani yake." Mama akaridhika, ila siku ya operesheni alikuja na kipande cha bafta safi mkobani cha kuufungia, kwa kuwa ahadi za madaktari, alisema, hazina mdhamini.

Mabamba yalikuwa yamekwisha kufika kwa meli, ya urefu mbalimbali, yamefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Daktari aliniletea moja nilishike. Lilikuwa jembamba, refu kuliko kiganja, kingo zimeviringwa zisikate nyama, na limeng'arishwa hata nikajiona pua. Lakini pakiti ya bolti haikuwamo katika sanduku. Walitafuta ghalani, wakatafuta bandarini, wakaandika kuagiza nyingine. Mimi niliambiwa nivute subira. Ukweli niliupata kwa masikio, maana mtu aliyelala chali watu humsahau. Dresa Yohana, aliyetufunga vidonda, alikuwa verandani akizungumza na mpishi. "Bolti zitakuja na meli nyingine, inshallah ya Waswahili," akasema. "Lakini ile pingili inateleza kila siku. Meli ikichelewa, kijana wa watu atazikwa na miguu iliyokufa zamani." Mpishi akasema maskini, halafu wakaendelea na bei ya dagaa. Nililia bila sauti, machozi yakiingia masikioni, kwa sababu sikuweza hata kugeuka ubavu. Nilikuwa na miaka ishirini hivi na sikujua kazi nyingine duniani isiyotaka miguu.

Mama alimweleza kaka yake. Mjomba Abeid alikuwa na duka la usonara mjini na nyumba Chumbageni, na kusema kweli alikuwa mtu wa kujisikia. Kanzu yake ilipigwa pasi hata ya kwendea sokoni, na hakuna aliyemsifu kuliko alivyojisifu. Majuma hayakupita mengi akaingia wodini na kikasha cha mahameli nyekundu. Nikamwamkia. "Marahaba, mjomba," akajibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "weye tulia, mambo yamekwisha." Akangoja daktari afike na wodi nzima ikae sawa kutazama, ndipo akafungua. Ndani mlikuwa na bolti za fedha safi na nati zake, na juu ya kila kichwa cha bolti amechonga ua la asumini. Elia akasema kwa sauti ndogo kwamba hata kanisani kwao hamna kitu kizuri namna ile.

Daktari hakucheka, na kwa hilo nampenda hadi leo. Aliiinua moja, akaisifu hesi yake, ile mifereji inayozungukwa na nati, ilivyokatwa, akaomba ruhusa. Akaibana kwa koleo na kuikunja. Ilikunjika. "Fedha ni laini, fundi. Mgongo wa mtu huvuta kwa nguvu kubwa hata akikohoa."

"Basi nitatia shaba iwe ngumu," mjomba akasema. Uso ulikuwa umemshuka. "Au sema dhahabu. Mie kwa mpwa wangu sioni hasara."

"Hata dhahabu. Mabamba ni ya chuma kisichoshika kutu. Damu ina chumvi. Ukiweka madini mawili tofauti, yakagusana ndani ya chumvi, moja litamla mwenzake, na mwili utaoza pale katikati. Mabamba na bolti lazima viwe vya chuma kimoja, kilichoyeyushwa chungu kimoja ikiwezekana."

Mjomba akaizungusha ile bolti iliyokunjika. Watu wa pwani hili tunalijua ila hatukuwa tumelipeleka mwilini. "Ni ile ya mashua," akasema hatimaye. "Mtu akichanganya msumari wa shaba na wa chuma katika ubao mmoja, ule wa chuma huisha, na ubao unaozunguka huwa unga."

"Ndiyo hiyo hasa," daktari akasema, na nikaona kwamba tangu hapo aliacha kumtazama mjomba kama ndugu wa mgonjwa, akamtazama kama fundi. Macho yakamwendea Elia, kisha yakashuka kwenye mguu wa Elia, kwenye ile pini. Akatoka mbio, akarudi na pini nyingine mpya kutoka stoo, ndefu na nene kiasi cha kalamu. Akazilinganisha alama zake na za mabamba. Zilitoka kiwanda kimoja, chuma kile kile. "Fundi," akasema, "unaweza kunikatia bolti kutoka humu? Na nati kutoka kwenye bamba hili ambalo ni refu mno?"

"Niwezaye kukata fedha, nitashindwaje chuma?" mjomba akajibu, kikasha chake tayari kwapani. Elia akawaambia wote wawili kwamba pini za stoo zikiisha, yake isiguswe.

Yaliyofuata niliyapata kwa mama, akiyaleta pamoja na chakula, sahani moja habari, sahani moja mihogo ya nazi. Chuma kile kilimshinda mjomba vibaya sana. Fedha humtii mtu, lakini chuma kile ukikisugua kwa pupa kinazidi ugumu pale pale uliposugua. Tupa zake zikawa butu. Meno ya chombo chake cha kukatia hesi yakavunjika kwenye bolti ya kwanza. Alitupa vitu, akamfokea mkewe, akasema Wazungu wametengeneza chuma cha kiburi. Wateja waliofuata vipuli vya harusi walikuta duka limefungwa na ndani mtu anatukana. Halafu akaenda kwa mafundi wa karakana ya reli, yeye Abeid aliyekuwa akisema wale ni watu wa nyundo tu, akavua kofia na kuomba. Wakamwazima chombo kigumu zaidi na kumpa siri yao: kaza mkono, nenda polepole, usirudi nyuma, na tia mafuta mengi. Mafuta yao hayakumpendeza, akatumia ya nazi, na mama alisema duka zima lilinukia kama jikoni. Mtu aliyezoea kumaliza pete kabla ya adhuhuri sasa alizungusha robo mzunguko, akapumua, akazungusha robo nyingine.

Alipomaliza kukata, akaanza kung'arisha. Daktari alikuwa amemwonya kwamba mkwaruzo wowote ni mlango wa kutu, hata kwa chuma kile. Hapo mjomba alikuwa nyumbani kwake. Aling'arisha vichwa, akang'arisha shina, akapitisha uzi wenye dawa ya kung'arishia katika kila mfereji wa hesi. Hakuchonga ua lolote. Mama alimkuta akiishika bolti kwenye mwanga, akamuuliza, "Abeid, na yote hayo ni ya nani? Nani atakayeiona humo ndani?" Mjomba akamjibu, "Ndiyo maana." Mama hakuelewa, na aliponisimulia alitikisa kichwa kana kwamba kaka yake ameanza kuchanganyikiwa. Mimi nililielewa jibu lile miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuwa fundi wa viatu mwenyewe na kushona visigino ambavyo havionekani na mtu. Mjomba aliyeishi kwa kusifiwa alikuwa amekubali kufanya kazi moja bila msifuji, na ndiyo aliyoifanya kwa moyo wote.

Daktari alizipima bolti kwa chombo chake, akazipitisha kwenye mashimo ya mabamba mbele yetu, akazifunga nati kwa vidole. Zikaingia bila kulegea. Akasema neno moja la Kizungu kwa nafsi yake, halafu akampa mjomba mkono. Kesho yake zilichemshwa pamoja na visu, nami nikasukumwa chini ya taa kubwa. Nilisikia harufu tamu ya dawa ya usingizi, na nilipozinduka nilikuwa nimevikwa koti la plasta kutoka kwapani hadi nyongani, kinywa kikavu, na mama pembeni na bafta yake ambayo haikupata kazi.

Miguu haikurudi siku ile wala wiki ile. Daktari alinichoma nyayo kwa pini kila asubuhi akiniuliza, nami nikamjibu hapana, mpaka nikaanza kumchukia kwa kuuliza. Kisha siku moja, tukila makande ya hospitali ambayo Elia aliyasifu na mimi niliyatukana, Elia akaacha kutafuna. "Salimu," akasema taratibu, "kidole chako kimenikonyeza." Nikamwambia asinifanyie mzaha. "Mimi ni mtu wa kanisa," akasema. "Kikonyezeshe tena." Nikakituma kile kidole gumba kwa nguvu zote nilizokuwa nazo kichwani. Sikukihisi, lakini wodi ilikiona. Ngurumo iliyotoka vitandani ilimleta Dresa Yohana mbio na sindano mkononi akidhani mtu amefariki. Mama alipokuja mchana wagonjwa walimsimulia wote kwa pamoja, yeye akaweka bakuli chini, akakibusu kile kidole mbele ya watu. Siku ile nilijua kuwa na furaha ni nini, na sijapata kuisahau ladha yake, ingawa ilichanganyika na maharage.

Tangu hapo ilikuwa kazi. Yohana aliinua miguu yangu na kuishusha, akinitukana kwa Kibondei niliposita. Elia aliondolewa pini yake, akafundishwa magongo, akawa ananipita kitandani kwa majivuno. Miezi ikaenda. Nikakalishwa kitako, dari ikanitoka machoni, na nikaiona bandari niliyokuwa nikiisikia tu. Kisha nikasimamishwa. Niliweza kusimama, ila mikono yote miwili ilishika chuma cha kitanda, na kukiachia sikukubali. Yohana alinibembeleza, akanitisha. Mwili uliokwisha kuanguka mara moja haudanganyiki kirahisi. Nilikuwa nawaza: pingili itateleza, nami nitarudi chini ya dari. Daktari akasema basi, tungoje picha.

Picha ya mifupa ilipotoka, mjomba alikuwapo, kanzu imepigwa pasi, na mama yupo, na Elia alikuwa amekaa kitandani akingoja kuruhusiwa. Daktari aliipeleka ile picha nyeusi kwenye dirisha la mwisho wa wodi, lenye mwanga mwingi, akamwita mjomba. Kutoka kitandani kwangu niliona mgongo wa kanzu tu. Mjomba alisimama mbele ya kazi yake akashindwa kusema, jambo ambalo mama hakuwa amelishuhudia tangu utoto wao. Halafu akasema, "Ile ya chini imekaa upande."

"Hiyo niliifunga mimi, fundi. Bolti haina kosa." Kisha daktari akapitisha kidole juu ya picha. "Tazama huu weupe kando ya bamba. Ni mfupa mpya. Umeziunga pingili zote tatu, iliyopondeka na jirani zake mbili. Tangu leo chuma chako hakina kazi. Mfupa wake mwenyewe ndio unaombeba."

"Hakina kazi?" mjomba akauliza.

"Kimemaliza."

Mjomba akalipima lile neno, nikadhani amekasirika, lakini mabega yakaanza kumtikisika na kumbe anacheka. Nikaita kutoka kitandani, nimesimama, mikono kwenye chuma. "Mjomba, niletee nami niione."

Akageuka, picha mkononi. Alinitazama, akatazama mikono yangu ilivyokamata kitanda. Daktari akataka kuichukua aniletee, mjomba akaisogeza mbali naye. "Sonara hampelekei mteja kazi, mjomba," akasema. "Mteja huifuata dukani." Akaiinua juu, mwangani, akangoja.

Nikaachia. Goti moja lilitetemeka, likakaza. Nilisikia gongo la Elia likianguka sakafuni na hakuna aliyeliokota. Vitanda vilinipita huku na huku, mama amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga, na Yohana ananifuata nyuma mikono wazi bila kunigusa. Mjomba hakusogea hata hatua moja kunipokea. Nilifika dirishani kwa miguu yangu, nikashika kizingiti, nikaitazama: mabamba mawili meupe, na bolti zake zimepita katikati ya mifupa yangu, kila nati imekaa mahali pake.

Machozi yalikuwa yakimtiririka mjomba mpaka kwenye kola ya kanzu, na hakuyafuta. Aliniuliza kama alivyomuuliza kila aliyejaribu pete dukani kwake.

"Imekukaa?"

"Imenikaa, mjomba."

"Haikubani?"

"Hainibani."